Jibu: Kumimina mafuta ya kupikia kwenye tangi la dizeli

Ndugu, umeuliza kama mafuta yaliyokwisha kukaangia, ukiyachuja vizuri, yanafaa kumiminwa moja kwa moja kwenye tangi. Kwa injini yako ya komoni reli (ya kisasa, inayopuliza dizeli kwa shinikizo kubwa kutoka bomba moja la pamoja), tafadhali usithubutu. Kuchuja kunaondoa makombo tu, uzito, yaani ugumu wa kutiririka, unabaki palepale. Mafuta ya mimea ni mazito kama mara 10 ya dizeli au zaidi, kwa hiyo nozeli (vitundu vinavyopuliza mafuta ndani ya injini) hazipulizi ukungu, zinatema matone. Matone hayaungui yote: masizi yanaganda kwenye ringi za pistoni, na mafuta yasiyoungua yanateremkia kwenye oili ya injini mpaka inakuwa nzito kama uji.

Afadhali biodizeli, yaani mafuta hayo yakichanganywa na methanoli (aina ya alkoholi) na sodiamu haidroksaidi (kostiki soda) ili yawe mepesi karibu kama dizeli. Methanoli ni kiasi cha 20% ya ujazo wa mafuta. Sodiamu haidroksaidi gramu 3.5 kwa lita kama mafuta ni mapya. Yaliyotumika yanataka zaidi, pima asidi yake kwanza. Gliserini ya kahawia, uteute mzito unaojitenga, itatuama chini. Biodizeli iliyobaki juu ioshe, ikaushe maji yote. Methanoli ni sumu na inadaka moto upesi, fanyia nje.

Kitabu cha gari kitakuambia inaruhusiwa asilimia ngapi ya biodizeli kwenye dizeli. Na beba filta ya akiba: biodizeli hubandua uchafu wa zamani tangini, mie gari lilinizimikia njiani wiki ya kwanza.