Vikasha vya GPS katika Hifadhi za Jimbo

SWALI: Mhariri, salamu. Sisi ni Wakenya tuishio Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, na watoto wetu hawapendi kwenda hifadhini. Jirani anasifu mchezo wa kutafuta vikasha vilivyofichwa kwa GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo. Je, unafaa? Nasi twaweza kuficha chetu?

JIBU: Salamu nawe, ndugu msomaji. Unafaa sana, kwa kuwa mtoto anayekataa kutembea bila sababu hutembea kwa hiari akijua kuna kitu kimefichwa mbele. Mchezo huo ulianza Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuvuruga kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya GPS kwa raia, Dave Ulmer alipoficha ndoo msituni Oregon na kutangaza mahali ilipo.

Idara ya Maliasili ya Minnesota iliutumia mwaka 2008, jimbo lilipotimiza miaka 150, kwa shindano la historia. Baadaye likaja la wanyamapori, ambalo kadi zake za kukusanya, zilizowekwa vikashani, zilitofautiana kutoka hifadhi moja hadi nyingine. Kwangu hapo ndipo penye busara: anayetaka kadi zote hulazimika kufika hata hifadhi za mbali asizozisikia kamwe.

Kuficha chenu kunahitaji kibali cha msimamizi wa hifadhi, kwani vikasha vikiwekwa ovyo watafutaji hukanyaga mimea adimu na kuchimba njia mpya. Mkipata cha wengine, andikeni majina katika daftari lililomo ndani yake, kisha mkirudishe palepale. Gari nalo huhitaji kibali cha kuingilia.