Umepewa unasihi, hukupewa mafunzo

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa walimu wa sekondari wanaoshika kitengo cha ushauri na unasihi. Nimeyafupisha na kuondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mwanafunzi. Wawili wenu mlituma mpaka jina la mtoto na kidato chake. Tutafika huko.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha Historia, shule ya kata, Kilosa. Mkuu wa shule alikuwa anasoma majina ya kamati kikaoni, nikasikia "unasihi" kisha jina langu. Sina mafunzo hata ya siku moja. Nianzie wapi?

Marahaba. Wengi waliomo kwenye kazi hii waliingia kwa mlango huohuo. Waraka wa Elimu Namba 11 wa mwaka 2002 uliagiza huduma hii iwepo shuleni, ila kusoma jina kikaoni ni kazi ya dakika moja, na kumwandaa mtu ni habari nyingine.

Anza na kusikiliza, maana hapo ndipo sisi walimu tulipo dhaifu: siku nzima tunalipwa kueleza. Kaa na wenzako wawili baada ya vipindi. Mmoja asimulie kwa dakika kumi jambo dogo linalomsumbua kweli, hata deni la kikoba. Wewe huruhusiwi kushauri, wala kusema "hata mimi yalinikuta". Wa tatu ahesabu umeteleza mara ngapi. Utashangaa.

Kisha angalia inavyokuwa kwa mwanafunzi. Mtoto anasema, "Sipendi kurudi nyumbani." Mwalimu aliyezoea ubao anajibu, "Wazazi wanakupenda, wewe soma kwa bidii," na mazungumzo yamekwisha. Aliyefanya mazoezi anasema, "Hupendi kurudi. Jana ulipofika ilikuwaje?" halafu ananyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu, na hakuna semina inayokupa bila kurudiarudia.

Cha kusoma: mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Uliandikwa kwa ajili ya majanga, na hauhitaji uwe mtaalamu. Umejengwa juu ya mambo matatu, yaani kutazama, kusikiliza na kuunganisha mtu na msaada. Kwa mwalimu anayeanza, hayo yanatosha kwa muhula wa kwanza.

Nimehudhuria semina kadhaa na vyeti ninavyo. Lakini nikikaa na mtoto bado naishiwa maneno. Tatizo ni mimi?

Si wewe. Semina nyingi zinafundisha kuhusu unasihi: aina za unasihi, sifa za mnasihi mwema, chai, picha ya pamoja, posho. Unarudi na daftari lililojaa, na hakuna aliyekuona ukiongea na mtu. Ni sawa na kujifunza kuogelea ukiwa umekaa ukumbini.

Kinachomkuza mnasihi ni kesi zake mwenyewe kupitiwa na watu wengine. Mfumo tunao tayari. MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, unawataka walimu wakutane shuleni na kwenye vituo vya walimu katika jumuiya za kujifunza. Tunautumia kwa hisabati na kusoma. Sioni kwa nini wanasihi wa shule tatu nne za jirani wasiwe na jumuiya yao. Mkutane mara moja kwa mwezi, kila mara kesi moja tu. Anayeileta aeleze mtoto alisema nini, yeye alijibu nini, na ni wapi alikwama. Wenzake waulize kabla ya kushauri. Mwalikeni afisa ustawi wa jamii, na muuguzi wa zahanati kama yupo. Kesi iletwe bila jina, bila kidato, bila kijiji. Hapa ndipo nawarudia wale wawili: hata kwangu msitume jina. Mtoto hakuwapa ruhusa hiyo.

Mimi ni mwalimu wa nidhamu na pia ni mnasihi. Mkuu anasema ni kitu kilekile.

Si kitu kilekile. Mtoto hatakueleza Jumanne kwa nini anatoroka, wakati Jumatatu alikuona na fimbo. Muombe mkuu abadilishe mojawapo. Akikataa, mtafute mwalimu mwingine anayeaminiwa na wanafunzi, awe anawapokea wale uliowaadhibu.

Mwanafunzi wa kike aliniambia anafanyiwa mambo mabaya na ndugu wa nyumbani, akaniapisha nisimwambie mtu. Nimekula kiapo. Nifanye nini?

Kivunje, lakini usikivunje nyuma yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Kwako maana yake ni afisa ustawi wa jamii, na kwa kosa la jinai kama hili, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, nayo ipo. Usiiite familia kusuluhisha. Huko ndiko kesi hizi zinakozikwa, na mtoto anabaki chini ya paa moja na huyohuyo.

Mwambie leo, kabla hujaenda popote: "Ulichoniambia ni kikubwa kuliko mimi na wewe. Nitakwenda kwa fulani, nitamwambia hiki na hiki. Ungependa tuwe wote au nitangulie?" Siku nyingine sema mapema, mtoto anapoketi tu, kwamba siri itatunzwa isipokuwa pale mtu anapoumizwa au anapotaka kujiumiza. Ukilisema mwanzoni, hutaapishwa.

Kijana wa kidato cha tatu aliandika kwenye insha kwamba "ni heri nisingekuwepo". Naogopa nikimuuliza nitampa wazo.

Hutampa. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunampa nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeliona. Muite faraghani leo, si wiki ijayo, na umuulize kwa maneno yenyewe: "Umeandika hivi. Je, unafikiria kujiua?" Usianze na dhambi wala aibu ya ukoo. Akisema ndiyo, uliza kama amepanga namna na lini. Usimwache peke yake, mjulishe mkuu wa shule na mzazi au mlezi aliye salama kwake, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Nyumbani waombe wafungie dawa zote, za binadamu na za shamba. Jukumu lako ni kumfikisha kwa mtaalamu, kisha kumpokea vizuri akirudi darasani, jambo ambalo shule nyingi zinalisahau kabisa.

Wanafunzi wananiuliza tahasusi mpya nami sizijui. Hilo nalo ni unasihi?

Ndiyo, na huenda ndilo litakalokuletea wateja wengi zaidi. Machi 2024 zilitangazwa tahasusi 65, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano na sita, kati yake 49 mpya. Ukiendelea kushauri kwa PCM, HGL na EGM za enzi yako, unapoteza watu. Keti na mwalimu wa taaluma mpitie orodha kabla ya kidato cha nne kujaza fomu zao, pamoja na vyuo vya ufundi. Mwanafunzi anayetaka ufundi umeme asiambiwe na wewe kwamba ameshindwa.

Mkuu hana chumba cha kunipa. Nakaa na wanafunzi stoo ya jezi.

Stoo iliyofungwa mlango si mahali pa kukaa na mwanafunzi mmoja, kwa usalama wake na wako. Wekeni viti viwili chini ya mti, mahali mnapoonekana na kila mtu ila hamsikiki. Na mwambie mwalimu wa zamu asipitishe adhabu ya kufagia eneo hilo saa za unasihi.