Filta ya intro inafunguka mapema na inalia kama zipu: nilivyopambana nayo mimi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili nikajikumbuka enzi zile na laptopu ya RAM GB 4 juu ya meza ya kupigia pasi. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa anatumia FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, anataka biti ianze kama inapigwa nyumba ya jirani, ifunguke taratibu kwa baa 8 (baa moja ni mapigo manne), halafu kiki, ile ngoma nzito ya chini, iingie kila kitu kikiwa wazi. Kaweka plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya bure ya filta, inayokata sauti za juu na kuzirudisha ikifunguka, kwenye masta, yaani chaneli ya mwisho wimbo wote unapopita. Karekodi otomesheni, yaani mwendo wa nobu unaojirudia wenyewe wimbo ukipigwa, kwa nobu ya kinanda chake cha MIDI. Matokeo yake filta inafunguka mapema mno, inalia kama mtu anafunga zipu ya begi, na kwenye simu mwanzo wa wimbo haupo kabisa. Anauliza kama anunue plagini ya kulipia.

Usinunue kwanza. Ukiipa plagini ya bei mbaya mstari huohuo wa otomesheni, itakutolea uchafu uleule.

Tuanze na kufunguka mapema, maana hapo mimi nilipoteza miezi. Sikio halihesabu Hz (mitetemo kwa sekunde), linahesabu oktava, yaani kila namba inapozidi mara mbili. Kutoka 100 hadi 200 ni oktava moja, na kutoka 10,000 hadi 20,000 nayo ni oktava moja tu. Sasa chukua biti ya mapigo 120 kwa dakika. Baa 8 hapo ni sekunde 16. Kama nobu ya plagini yako inatembea kwa Hz na umechora mstari ulionyooka kutoka 400 hadi 20,000, kila sekunde unapanda Hz 1,225. Sekunde ya kwanza tu umeshafika 1,625, yaani oktava mbili zimeliwa kabla msikilizaji hajakaa sawa. Halafu sekunde 8 za mwisho zote unatoka 10,200 kwenda 20,000, safari isiyofika hata oktava moja. Ndiyo maana unaona kama imefunguka papo hapo, kisha inakaa tu haina kazi.

Kujua plagini yako ni ya aina gani, weka nobu katikati kabisa usome namba. Ikisoma karibu na 10,000, inatembea kwa Hz. Ikisoma mia sita na kitu, inatembea kwa oktava, kwa sababu katikati ya 20 na 20,000 kioktava ni kama 632. Ikiwa ni hii ya pili umepona nusu, lakini hata hapo mimi mstari siuachi umenyooka. Juu ya 8,000 kinachobaki kufunguka ni haihati na pumzi pumzi za vokali. Mstari ulionyooka unamaliza utamu wote ndani ya baa 6, na mbili za mwisho zinakuwa bure. Naupinda ubaki chini kwa muda mrefu, kisha upande kwa kasi kuelekea kiki. Kwenye FL ni ile duara ndogo iliyo katikati ya nukta mbili za clip (kipande kinachobeba mstari wa otomesheni): ivute, mstari unapinda. Usiangalie umbo lake, funga macho usikilize. Mara nyingi ule unaosikika vizuri ukiutazama unaonekana umekosewa.

Umesema pia ukibofya kulia kwenye nobu huoni menyu ya otomesheni. Hiyo ni kawaida kwa plagini za nje, FL haiwezi kuingilia dirisha lao. Tikisa nobu kidogo, nenda menyu ya Tools, kisha Last tweaked, utakuta pa kutengeneza automation clip. Kabla ya hapo chagua zile baa 8 juu kwenye plelisti, dirisha la kupanga wimbo, clip itazaliwa na urefu huohuo. Na ipe jina palepale! Clip kumi zisizo na majina, usiku wa saa nane, mteja kakaa nyuma yako anatikisa mguu... sitaki hata kukumbuka.

Zipu sasa. Nobu za vinanda vingi vya MIDI zinatuma hatua 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Wigo wa 20 hadi 20,000 ni karibu oktava 10, kwa hiyo kila hatua inaruka karibu nusu toni nzima. Rezonansi, ile nobu inayokuza sauti pale filta inapokatia, ikiwa chini husikii sana. Ukiipandisha, filta inaanza kuimba kwenye kila hatua, inakuwa kama mtu anateremka marimba kwa fimbo. Zipo plagini zinazolainisha hatua hizo zenyewe, zipo zisizojali. Dawa ni kufuta ulichorekodi na kuchora kwa mausi: nukta mbili, moja mwanzo, moja mwisho, na mkunjo katikati. Ukitaka ladha ya mkono, rekodi kwanza upate wazo, kisha chora juu yake kwa nukta chache na ufute rekodi. Na rezonansi yenyewe punguza. Filta ikipita karibu na 50 au 60 Hz kwenye kiki huku rezonansi iko juu, sauti inaruka ghafla na limita, plagini inayozuia sauti isipite kiwango, inaanza kukandamiza wimbo mzima. Mtu atadhani miksi yako ni mbovu.

Simu ndiyo iliyonifundisha adabu. Nilikuwa na tabia ya kuanzia filta 120 Hz, kwa sababu kwenye hedifoni unasikia ule mdundo wa mbali, mtamu kweli. Spika ya simu haitoi chochote cha maana chini huko. Mtu anapokea wimbo WhatsApp, anabonyeza, kimya, anadhani faili limeharibika, anapita. Siku hizi sianzii chini ya 350 au 400, na naruhusu kitu kimoja kisipite kwenye filta kabisa, labda kelele za mtaa au neno la msanii, ili mwenye simu ajue wimbo umeanza.

Hilo linatuleta kwenye masta. Toa filta hapo. Elekeza chaneli za biti zote kwenye chaneli moja ya miksa, filta ikae kwenye hiyo, vokali zipite njia yake. Ukiiacha masta inakata kila kitu, mpaka mwangwi wa vokali, na ikiwa imekaa baada ya limita, rezonansi inapita juu ya 0 dB bila mtu wa kuizuia.

Sasa nikupe aibu yangu, labda itakuokoa. Kuna dada nilimfanyia wimbo, ubeti wa pili nikataka sauti yake iwe kama ya simu ya mezani. Nikakata chini ya 300 Hz na juu ya 3,400, ambao ndio upana wa simu za zamani, ikatoka vizuri. Baadaye nikapunguza ubeti baa mbili, na kwa kupunguza nikaikata clip ya otomesheni mkia wake, pale ambapo filta ilikuwa inafunguka tena. FL clip ikiisha, nobu inabaki pale ilipoachwa. Mimi nikawa nasikiliza kuanzia kiitikio tu, nobu nimeshaifungua kwa mkono, naona kila kitu sawa. Nikatoa faili, likaanza mwanzo hadi mwisho kama linavyotakiwa, na kuanzia ubeti wa pili hadi mwisho dada wa watu anaimba yuko ndani ya kopo. Nilijua siku wimbo ulipopigwa redioni. Alinipigia simu yeye mwenyewe, hakugomba hata kidogo, akasema tu, "Kaka, hivi hiyo ndiyo staili?" Afadhali angenitukana.

Tangu siku hiyo kila clip ya filta inaanza na nukta ya hali ya kawaida na inaisha na nukta ya hali ya kawaida, hata kama inaonekana haina haja. Na faili nikishalitoa nalisikiliza lote nje ya FL, nikiwa natembea.

Kiki inapoingia pia pana mtego. Ukiweka nukta ya kufunguka juu ya mstari wa baa yenyewe, ile ngumi ya kwanza ya kiki inapita wakati filta haijamaliza kufunguka, unapata kiki iliyolegea. Ifungue kabla kidogo, na usiruke wima: acha mteremko wa milisekunde 10 hadi 20, la sivyo utasikia "tak". Mimi huwa nanyamazisha biti nusu pigo kabla ya kiki, filta inafunguka ndani ya ukimya huo, hakuna anayejua. Na usijaribu kuwasha na kuzima plagini kwa otomesheni, inaleta "tak" hiyohiyo. Iache imewaka, nobu ikiwa juu kabisa.

Yule aliyekushauri hapo juu uhamie REAPER, programu nyingine ya muziki, na utumie hali yake ya Write kurekodi otomesheni, msikilize kwa tahadhari. Write inafuta na kuandika upya tangu unapobonyeza play, hata kama hujagusa kitu. Touch inaandika ukiwa umeshika tu, ukiachia inarudi kwenye mstari wa zamani. Latch inaandika ukishagusa na inaendelea na thamani ya mwisho mpaka usimamishe. Kwa filta mimi ningetumia Touch. Lakini kuhama programu nzima kwa ajili ya intro moja ni kuhama nyumba kwa sababu ya mbu.

Kuhusu hela: Fruity Love Philter na Parametric EQ 2 huenda tayari unazo, inategemea toleo lako la FL. Jaribu hizo kwanza na mstari uliopinda. Bado ikikataa, weka hapa picha ya plelisti clip ikiwa imefunguliwa, na useme nobu inasoma ngapi ikiwa katikati.