Anasimulia vizuri, akishika penseli anakwama
Dada, umesema mwanao wa darasa la pili anasimulia Sungura na Fisi mpaka majirani wanacheka, lakini akipewa daftari anaandika mistari miwili na kuanza kulia. Hadithi anayo; kinachomchosha ni mkono. Kwa hiyo mwanzoni andika wewe. Nakili maneno yake yalivyo, hata "halafu" zikijaa, kisha mwache ajisomee.

Mimi nilitumia kisa cha Kima na Papa. "Paukwa!" "Pakawa!" Nikasimulia hadi katikati ya bahari, Papa anapokiri kwamba sultani wao mgonjwa anataka moyo wa kima. Nikanyamaza. Binti yangu akadakia: "Amwambie moyo wake mchungu!" Wazee wetu walimalizia vingine, kwamba moyo umeachwa mtini, lakini nikamwambia aandike sentensi yake hiyo tu. Kesho yake akaandika jibu la Papa.

Tahajia iache kwanza, na kalamu nyekundu ifiche. Kama bibi yupo, mpigieni simu jioni awape hadithi yenye wimbo. Kiitikio ndicho rahisi kuandika, maana mtoto ameshakikariri kwa kuimba.