Nenda, hata kama waimbaji wenyewe hawapo

Umeuliza kama inafaa kulipia onyesho la nyimbo za zamani za filamu za Kihindi, maana waimbaji wake wakuu wamefariki: Mohammed Rafi 1980 na Lata Mangeshkar 2022. Nenda tu ndugu yangu, tena kafuate okestra. Kwenye filamu mwigizaji alifuatisha kwa mdomo tu. Aliyeimba alikuwa studio, na nyuma yake safu ya fidla, wapigaji wengi wakiwa watu wa Goa, huko India, ambao mara nyingi majina yao hayakuandikwa popote. Ukumbini utawaona walioshika kazi hiyo. Mkodolee macho mpiga dholaki, ile ngoma ya nyuso mbili: kiganja cha kushoto kinaisukuma ngozi ya upande mzito mpaka mlio unapinda. Mimi hapo hupata msisimko mwili mzima.

Kihindi kisikutishe. Kama umelelewa na taarab, baadhi ya mahadhi utayatambua, maana taarab ilichota sana huko.

Ila kabla ya kulipa uliza: ni okestra kamili, au mwimbaji na muziki uliorekodiwa? Ikiwa ni wa kurekodiwa, subiri onyesho lingine.