Samoni 220 daftarini, lakini mtoni ni wangapi?

Swali: Tunafuatilia samoni aina ya chamu wanaopanda kijito kutaga. Tumetembea kijito chote mara sita, kila baada ya siku 7, tukahesabu 0, 40, 110, 60, 10 na 0. Jumla ni 220. Niandike kwamba mwaka huu wamepanda samaki 220?

Jibu: Hapana, usiandike hivyo. Samoni wa Pasifiki akishafika mahali pa kutagia hukaa hapo mpaka afe. Jike huchimba kiota kwenye changarawe, hutaga, kisha hukilinda. Kwa hiyo baadhi ya wale 110 ni walewale mliowahesabu wiki iliyotangulia. Papo hapo, wengine walijificha chini ya magogo na hamkuwaona kabisa. Kosa la kwanza linaongeza idadi, la pili linaipunguza, na huwezi kutegemea kwamba yatafutana.

Hesabu kwanza siku ambazo samaki wote kwa pamoja wamekaa kijitoni. Chukua wastani wa hesabu mbili zinazofuatana, zidisha kwa siku zilizo kati yake, kisha jumlisha vipindi vyote. Kwenu inatoka 1,540. Gawanya kwa siku ambazo samaki mmoja huishi hapo, halafu kwa sehemu ya samaki ambayo macho yenu huipata. Tuseme kila mmoja anaishi siku 10 na ninyi mnaona 8 katika kila 10: jibu ni kama 193. Badilisha siku 10 ziwe 14, linashuka hadi 138! Daftari ni lilelile, ila samaki 55 wameondoka kwa sababu ya namba moja. Namba hiyo msiiazime kutoka mto mwingine kama mnaweza kuipima wenyewe: wavalisheni samaki kadhaa vibandiko vya rangi wanapoingia, kisha mwangalie kila safari nani bado yu hai.

Kuanza na kumaliza na sifuri mmefanya vizuri sana, maana msimu mzima umo ndani.

Siku mvua ikichafua maji, andikeni "haikupimwa". Msiandike sifuri, kwa sababu sifuri ya uongo itaingia kwenye wastani na kufuta samaki waliokuwepo. Vaeni miwani inayokata mng'ao wa maji, na kwenye kijito kidogo tembeeni mkipanda: samaki huelekea mkondo unakotoka, hivyo mnawajia kwa nyuma, na tope mnalotibua linabaki nyuma yenu. Mkiona changarawe safi inayong'aa, yenye shimo upande wa juu na kichuguu upande wa chini, zungukeni. Mayai yamo humo.

Mizoga nayo msiipite. Kateni mkia wa kila mzoga ili usihesabiwe tena. Angalieni pezi dogo la mafuta mgongoni karibu na mkia, kwani vituo vingi vya kuangulia samaki hulikata ili kuwatambulisha samaki wao. Pasueni tumbo la jike. Likiwa bado limejaa mayai, amekufa kabla ya kutaga, na huyo hastahili kuhesabiwa kama mzazi. Hili si jambo dogo: kwenye vijito vya mijini vya eneo la Seattle, Marekani, samoni aina ya koho wamekuwa wakifa hivyo kwa miaka mingi, na mwaka 2020 wanasayansi waligundua kwamba chanzo ni kemikali ya matairi ya magari inayosombwa na mvua kutoka barabarani. Kidokezo kilikuwa ndani ya matumbo hayo.