Kabla ya sarufi, andika vigezo vinavyopimika

Ukipewa kazi ya kuandika kiwango cha lugha ya programu, yaani waraka rasmi wa kanuni zake, hata kama ni lugha ndogo ya matumizi ya ndani ya kampuni, acha sarufi kwanza. Jiulize: mtu akileta kompaila yake (programu inayotafsiri lugha hiyo ili kompyuta iielewe), tutajuaje kama imefuata kiwango au imekikiuka?

Swali hilo lilitusaidia sana tulipoandika kiwango cha lugha ya kueleza kanuni za ada, ambayo ilitakiwa kutoa jibu lile lile kwenye seva na kwenye simu. Rasimu ilisema "matokeo yakadiriwe ipasavyo", na hakuna aliyepinga. Nikaomba kila mmoja aikadirie 2.5 kuwa namba nzima. Wengine wakaandika 2, wengine 3, na kila upande ulikuwa na hoja nzuri. Tukafuta "ipasavyo" tukaandika kwamba nusu kamili huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu: 2.5 hutoa 2, 3.5 hutoa 4. Mabishano yakaishia hapo, kwa sababu sasa kila mtu angeweza kujipima mwenyewe. Tangu siku hiyo sipitishi kanuni isiyo na angalau jaribio moja pembeni yake.

Lugha ya programu iitwayo Ada (ni jina tu, haihusiani na kanuni zetu za ada) ilijengwa kwa mpangilio huo wa vigezo kwanza. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianza mwaka 1975 kwa kuandika mahitaji, ikayasambaza yakosolewe, ikayarekebisha mara kadhaa hadi waraka wa Steelman wa 1978. Muundo ulioshinda, wa timu ya Jean Ichbiah, ulichaguliwa mwaka 1979. Kompaila nazo zililazimika kufaulu majaribio rasmi kabla ya kuidhinishwa. Naona huo ndio mfano bora wa kusoma kwa yeyote anayeanza kazi hii.

Andika pia mipaka ya uhuru. Kiwango cha lugha ya C kinatenganisha mambo ambayo mtengenezaji wa kompaila huamua na lazima ayaeleze kwenye nyaraka zake, mambo anayoamua bila kulazimika kueleza, kama mpangilio wa kukokotoa hoja (thamani zinazopewa) za fanksheni, na mambo ambayo kiwango hakitoi ahadi yoyote, kama namba nzima yenye alama (inayoweza kuwa hasi) inapofurika, yaani inapozidi nafasi iliyotengewa. Ukinyamaza tu, msomaji hatajua ulikusudia lipi kati ya hayo matatu.

Na usipitishe kipengele ambacho hakuna aliyekitekeleza. Kiwango cha 1998 cha lugha ya C++ kiliweka neno "export" kwa templeti, yaani vipande vya msimbo vinavyotumika kwa aina mbalimbali za data. Karibu kompaila zote hazikuigusa, na mwaka 2011 ikaondolewa. Kamati ya kiwango cha lugha ya JavaScript, TC39, hudai utekelezaji wa aina mbili unaofaulu majaribio ya Test262 kabla ya pendekezo kukamilika. Kwa timu ndogo hilo ni gharama, najua, lakini hata utekelezaji wa pili wa kubahatisha, ulioandikwa na mtu ambaye hakuwepo kwenye vikao, utafichua mashimo mengi kwenye maandishi yenu.

Vigezo kama "iwe rahisi kusomeka" ni vya thamani, ila viwekeeni waraka wa malengo, nje ya kiwango chenyewe.